Picha Tano za Kila Sekunde

Vijana waliokuwa wakichimba kaburi la Mama waligonga kopo. Mlio wa jembe ulibadilika, mmoja akainama, akafukua kwa mikono, kisha wote wakanitazama, maana mimi ndiye mkubwa aliyebaki katika nyumba ile. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, kutu imelila hadi kifuniko hakitofautiani na kopo lenyewe. Nikaona wawili wanarudi nyuma, wakidhani ni mambo ya kishirikina. Nikawaambia wasiogope, huyo ni kaka yangu Aloyce, wachimbe pembeni kidogo. Hawakucheka. Deo, mtoto wa mdogo wangu, aliyekuja kutoka Dar es Salaam na simu isiyotoka mkononi, akanisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, ndani kuna nini hasa?" Nikamwambia kuna mkanda wa video. Macho yakamtoka. Kazi yake ni ileile niliyoifanya mimi ujanani, kuhariri video za harusi, ila yeye anaifanya kwenye kompyuta ya mapajani akiwa amekaa kitandani. "Nipe niende nao, shangazi. Siku hizi hatupotezi hata picha moja. Hii simu tu inachukua sitini kwa sekunde." Alikuwa hajazaliwa wakati maneno hayo, picha kwa sekunde, yalipoingia nyumbani kwetu Kilema na kukataa kuondoka. Nikasema kopo lirudishwe lilipokuwa, na likarudishwa.

Mwaka ninaouzungumzia ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Televisheni ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia majumbani, biashara zimefunguliwa, na pale Moshi mjini kila duka lilikuwa na redio kubwa mlangoni, inapigwa kutwa ili watu wajue inauzwa. Nilifanya kazi kwenye studio ya Bwana Elibariki, Mawenzi, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi: chumba kimoja, pazia la buluu katikati, deki mbili za video, televisheni mbili, na dirisha linaloangalia barabara ya kwenda hospitali. Tulirekodi harusi, kipaimara, jubilei za masista na mazishi. Kazi yangu ilikuwa kukata. Nilikuwa nakaa nyuma ya pazia nikipunguza sherehe ya kutwa nzima iingie kwenye mkanda mmoja, huku nikisikia magomvi yote ya wateja upande wa pili. "Mmemkata baba mdogo! Mtu aliyeleta ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, mmemkata!" Na Elibariki, Mlutheri wa Machame asiyepandisha sauti hata nyumba ikiungua, anajibu, "Mama, baba mdogo yupo, ila aliipa kamera mgongo." Mwingine aliurudisha mkanda kwa sababu dada yake, ambaye walikosana, alionekana mara nyingi kuliko yeye. Tulicheka sana saa ya chakula, tukila ndizi nyama kutoka kwa mama lishe wa chini. Na kila Jumamosi nilipopanda Kilema nilimsimulia Mama, naye akicheka mpaka anajishika mbavu, anafuta machozi kwa ncha ya kanga, anataka nirudie. Sikujua kwamba alikuwa akiziweka akiba hadithi zile.

Aloyce alikuwa Marekani akisoma, katika mji wa baridi ambao jina lake Mama hakuwahi kulitamka sawasawa. Habari zilikuja kwa simu ya parokia. Baba aliitwa kutoka shambani, akasimama ofisini kwa paroko na mabuti yake ya mpira yenye matope, akaambiwa kwamba gari liliteleza kwenye barafu, kwamba kumsafirisha haitawezekana, na kwamba wenzake wanaomba ruhusa wamzike kulekule. Baba akasema sawa. Alisema neno hilo moja, akaweka simu. Kwetu mtu anaweza kuishi mbali maisha yake yote, haonekani ila Krismasi, lakini akifa analetwa, anazikwa kihambani kati ya migomba, karibu na waliomtangulia. Mama hakupiga kelele kama tulivyotegemea. Alitoa makochi nje, akatandika godoro sebuleni, wanawake wa jumuiya wakaja kulala naye chini kama inavyopasa, moto ukawashwa uani. Siku ya kuanua matanga ilipofika, watu wamekwisha kukusanyika, akasema haanui.

"Matanga yanaanuliwa mtu akishazikwa," alisema. "Mimi sijaona mtu akizikwa."

"Amezikwa na wenzake," Baba akamwambia. "Na padri alikuwepo."

"Wewe ulimwona?"

Baba akavua kofia yake.

"Basi. Siku nitakayomwona anaingia ardhini nitanyanyuka hapa mwenyewe, nitaoga, nitarudi kitandani kwangu. Kabla ya hapo msiniguse."

Mwaka wote ule tuliuishi ndani ya ahadi hiyo. Nilikuwa na umri wa kufikiria mambo yangu, na nilikuwa nayo, lakini leo nikijaribu kukumbuka nilivaa nini, nilimpenda nani, sioni kitu. Ninachokumbuka ni godoro lile la maua mekundu, moshi uliokuwa ukiingia kutoka uani, na swali moja kila mtu alikuwa akinipokea nalo nikishuka kwenye gari: Mama yako ameamka?

Mkanda uliletwa na sista mmoja aliyekuwa akirudi kutoka huko, ameuviringisha ndani ya sweta. Rafiki wa Aloyce, Mtanzania mwenzake, alikuwa amerekodi mazishi yote. Nilitaka kuupeleka studio kwanza niuangalie, Baba akakataa, akasema mazishi hayaonjwi, tutahudhuria wote pamoja. Basi Jumapili, baada ya Misa ya pili, Elibariki alipakia televisheni na deki kwenye pikapu yake akatupandisha. Chumba kile nakikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Mama amekaa chini, miguu ameinyoosha, wanawake wamejaa nyuma yake hadi ukutani, wanaume wamesimama mlangoni na madirishani, kofia mikononi. Baba amevaa koti lake la harusi. Televisheni iko juu ya meza, na Mama ameitandikia kitambaa cheupe, kile cha siku padri anapokuja kusalisha nyumbani. Mapajani ameweka sahani ya bati yenye udongo mweusi wa kihambani, ili jeneza likianza kushuka naye aurushe kama mama yeyote. Katekista akafanya ishara ya msalaba, akasoma sala za makaburini taratibu, watu wakaitikia. Kisha akanigeukia akatikisa kichwa, kwamba sasa, nami nikabonyeza.

Kioo kilijaa mistari. Picha ilipasuka vipande, ikapanda juu, ikajirudia, ikapanda tena, haina rangi, na sauti ikatoka nzito na ya polepole, wimbo wa kanisani ukiburutwa kama mlio wa ng'ombe anayeumwa. Kuna kitu cheusi kilikuwa kikipita, kinakatika, kinapita tena, huenda ni mtu, huenda ni mti. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akapiga yowe. "Ruwa, Mungu wangu! Wamemfanya nini mtoto wa watu?" Watoto wakatoka mbio. Nikabonyeza kila kitufe nilichokijua. Mama alikuwa amesogea mbele, uso wake karibu unagusa kioo, akiuliza, "Yupi ni Aloyce? Resti, nionyeshe, yupi ni Aloyce?" Baba akasema zima. Mama akasema usizime. Tukaitazama mistari ile hadi mwisho, na Mama hakuurusha udongo kwa sababu hakujua ni wakati gani.

Kesho yake Elibariki alinikalisha nyuma ya pazia. Alikuwa amejikasirikia. "Mimi ni mjinga, Resti. Nilitakiwa kujua. Ule ni mkanda wa Marekani." Nilikuwa nimefanya kazi pale muda wa kutosha, lakini siku hiyo ndipo aliponieleza kitu nilichokuwa nakitazama kila siku bila kukijua. Alisema hakuna picha inayotembea. Zote zimesimama, zinafuatana tu haraka, jicho ndilo linalozitembeza. Televisheni yetu inaonyesha ishirini na tano kila sekunde. Wamarekani wanapiga thelathini, na hata mkanda wenyewe kwao unakimbia kuliko kwetu, ndiyo maana deki yetu iliwaburuta waimbaji. Nikamuuliza mbona zile sinema za jumba la mjini tunaziona kwenye televisheni vizuri tu. "Zile ni ishirini na nne," akasema. "Ukizileta kwetu unaziongeza mwendo kidogo, basi. Mtu anatembea haraka kidogo, mwimbaji anapanda sauti kidogo, nani atajua? Tofauti ni picha moja tu. Lakini thelathini kuzipunguza mwendo ziwe ishirini na tano, wale watu watatembea kama walevi, na sauti ndiyo hiyo uliyoisikia. Kuna mashine inafanya kazi hiyo. Inatoa tano katika kila thelathini, mwendo unabaki uleule." Nikamuuliza zikitolewa zinakwenda wapi. "Zinatupwa, mdogo wangu. Hata mwenyewe aliyepigwa hajui kama zilikuwapo." Nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu simu ya parokia, na nilicheka picha zile.

Moshi nzima hakukuwa na mashine ya namna hiyo. Hoteli moja ya watalii ilikuwa na deki inayosoma mikanda ya kila nchi, tungeweza kumshusha Mama akaangalia palepale, lakini kichwa cha deki hiyo kilikuwa kimekufa na hakuna fundi aliyethubutu kuifungua. Ikabaki Nairobi. Elibariki alikuwa akienda huko kununua mikanda mitupu, si mara nyingi, na safari ile aliyotuahidi ikasogezwa na masika, ikasogezwa tena na gari lake, ikasogezwa na harusi za baada ya Pasaka. Sikumlaumu. Mama alikuwa akikonda mbele ya macho yetu. Nilimpikia mtori, nikampikia kiburu kama alivyonifundisha mwenyewe, anashukuru, "Aika, mwanangu," anaonja kijiko kimoja, anaweka sahani chini ya meza, na asubuhi naikuta na sisimizi. Wanawake wa jumuiya walipungua mmoja mmoja, si kwa ubaya, wana ng'ombe wa kukatia majani na watoto wa kupeleka shule. Mwishowe akawa analala chini peke yake. Kijijini wakaanza kusema pale kwetu pana nuksi, msiba usioisha unaita mwingine. Kahawa iliiva mwaka ule ikadondoka yenyewe. Baba alikuwa anapita chini yake kama haioni.

Siku moja nilikuwa jikoni nachochea moto, nikamsikia Baba akizungumza na katekista nyuma ya banda la ng'ombe. Kwa kawaida Baba si mtu wa maneno. "Nilisema sawa," alikuwa akisema. "Wangeniuliza mara ya pili ningesema hapana, lakini waliuliza mara moja tu. Mtu akiulizwa na padri kwenye simu anasema sawa." Katekista akamwambia Mungu hana mipaka, huko nako ni ardhi yake. "Najua," Baba akajibu. "Mwambie mke wangu." Kisha nikasikia mtu mzima analia, kile kilio cha kubana pua ili kisitoke, nami nikabaki na mwiko mkononi hadi ndizi zikaungua. Sijawahi kumwambia yeyote kwamba nilisikia, na Baba amekufa akidhani ni katekista peke yake aliyejua.

Kiangazi kilipokuwa kinakaribia kwisha Elibariki alirudi kutoka Nairobi na mikanda miwili, ule wenyewe na nakala. Hakunipa niupeleke. Alipanda mwenyewe, kwa heshima, akasema shikamoo kwa wote, akakataa mbege akapokea maziwa. Safari hii tulikuwa wachache: Mama na Baba, katekista, majirani wawili watatu. Kitambaa cheupe kikatandikwa tena. Mama akaagiza udongo mpya, ule wa zamani ulikuwa umekauka.

Mkanda ulikuwa safi mpaka ukaniogopesha. Rangi zote zilikuwapo. Misonobari ya kijani kuliko ya kwetu, magari yamepangwa mstari, watu wamevaa makoti meusi, padri anatoa mvuke mdomoni akisoma. Na mbele yao jeneza, la kahawia, linang'aa, limekaa juu ya fremu ya chuma yenye mikanda ya kushushia, na chini yake kote kumetandikwa zulia la kijani, hata udongo hauonekani. Sauti ya padri ilikuwa sauti ya mtu. Waimbaji waliimba kama watu. Mama akashika sahani. Wakapita mmoja mmoja, kila mtu anaweka ua juu ya jeneza na kuligusa kidogo kwa vidole. Msichana mmoja alilia akashikwa mkono. Mama ameshachota udongo kiganjani, mkono uko juu. Kisha watu wakageuka. Wakatembea kuelekea kwenye magari, taratibu, wakizungumza, milango ikafungwa. Kamera ikarudi kutazama mara moja ya mwisho: jeneza liko palepale juu ya chuma, na mbali kidogo, karibu na mashine ya njano, wanaume wawili wenye ovaroli wamesimama wakisubiri. Halafu kioo kikajaa chenga.

Mkono wa Mama ulikuwa bado juu. Udongo ulikuwa unamtoka kati ya vidole, unadondoka kwenye kanga.

"Mbona hawajamshusha?"

Nikaisogelea deki.

"Rudisha, Restituta. Polepole."

Nikarudisha. Maua, watu, milango ya magari, jeneza, chenga. Akasema rudisha, nikarudisha tena. Kisha akamgeukia Elibariki, kwa upole kabisa. "Elibariki, baba, kuna mahali umekata?"

"Hapana, Mama. Haki ya Mungu sijakata hata kidogo." Angeishia hapo. Lakini Elibariki alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ndio uliotumaliza. "Huko Nairobi ni mashine tu. Inatoa zile picha tano za kila sekunde, maana kwetu hazina nafasi. Lakini hizo hazina kitu, Mama."

"Unajuaje hazina kitu? Uliziona?"

"Hakuna anayeziona, Mama."

"Mkazitupa?"

"Mashine inazitupa."

Mama akaushusha mkono wake. "Basi ndimo alimozikwa," akasema.

Tulimweleza. Nilitumia rozari yake, nikamwonyesha kwamba ukitoa punje moja kila baada ya tano, rozari bado ni ileile, huwezi kutoa fumbo zima. Elibariki alipiga magoti mbele yake, mtu mzima na koti lake, akimwapia kwamba picha moja ni kupepesa jicho tu, haiwezi kuwa na shimo na kamba na watu wa kushusha. Katekista alimwambia labda ndiyo desturi ya kule. Mama aliwasikiliza wote. Aliponijia mimi alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona kabla, si ya hasira, ni ya mtu aliyechoka kudanganywa. "Wewe Restituta kazi yako ni kukata watu. Si umenisimulia mwenyewe? Baba mdogo wa watu na ndafu yake, haonekani. Mwenye mtoto akija kulalamika mnamwambia aliipa kamera mgongo." Zile hadithi zote za Jumamosi, tulizocheka pamoja, alikuwa nazo mkononi.

Tulimwachia deki na televisheni, maana asingekubali viondoke. Elibariki hakudai chochote wala hakuvitaja tena. Mama alijifunza vitufe vyote, mwanamke ambaye hadi hapo hata redio alikuwa akiwashiwa. Nilipopanda Jumamosi nilimkuta amesimamisha picha, inatetemeka kwenye kioo, naye ameweka kidole juu ya jeneza. "Hapa," ananiambia. "Unaona lilivyoruka? Hapa kuna iliyotoka." Na lilikuwa limeruka kweli, kidogo, kama mikanda ile ilivyokuwa inaruka. Nilikaa naye kwenye godoro nikitazama kaka yangu asiyeshuka, mara ya ngapi sijui. Mahali fulani katikati ya Jumamosi hizo nilichoka kumpinga. Niseme wazi, nilianza kutazama kule alikokuwa anaonyesha.

Niliomba kupiga simu kutoka parokia kwa yule rafiki wa Aloyce. Ilichukua muda kumpata. Nikamuuliza moja kwa moja, nani alimshusha. "Dada, huku ndivyo ilivyo," akaniambia. "Wafiwa wanaondoka, wale wa makaburi wanashusha wenyewe baadaye." Nikamuuliza kama yeye aliona. "Sikuona, dada. Kulikuwa na baridi sana. Tulikwenda kula." Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za kanisa. Ilikuwa mchana wa jua kali, mlima uko wazi kileleni na barafu yake, na nilipoiona barafu ile nikaipa mgongo. Hakuna mtu wetu hata mmoja aliyemwona Aloyce akiingia ardhini. Nilimwambia Baba peke yake. Akatikisa kichwa akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Ni Mama mwenyewe aliyeamua la mwisho. Siku moja alisema apewe ule mkanda wenyewe, wa Marekani, wenye picha zote. "Humo hamjatupa kitu?" akaniuliza. Nikamwambia humo zimo zote thelathini. "Basi kaburi limo. Leteni." Aliutia kwenye kopo la maziwa, akalifunika. Baba akachimba kati ya migomba, karibu na babu yetu, akachimba shimo refu kuliko kopo lilivyohitaji. Katekista aliombwa, akakataa, akaja hata hivyo, akasimama pembeni akisema anamwombea marehemu, hasali juu ya kopo. Tulilishusha kwa kamba za migomba, Baba upande mmoja, mimi upande mwingine, Mama ameinama juu ya shimo anaangalia. "Polepole," alikuwa akisema, "polepole, nione." Lilipogusa chini akasema, "Sasa," akaurusha udongo wa kwenye sahani, wote. Baba akapanda isale, mmea wetu wa makaburini. Tukala machalari uani, majirani wakaja, moto ukazimwa, watu wakapumua. Mama alioga. Nililiona vazi lake jipya likipita mlangoni nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Ilipofika jioni akaliburuta godoro akalirudisha sebuleni. Baba alikuwa amekwisha kumtandikia kitanda. "Mama," nikamwambia, "uliahidi. Umemwona anaingia." Akakaa chini, akajifunga kanga vizuri, akaniuliza kama mtu anayeulizia bei ya chumvi: "Resti, hizo thelathini zao. Kati ya moja na nyingine kuna nini?" Nilijua jibu, Elibariki alikuwa amenifundisha. Kati ya picha na picha hakuna kitu, ni giza, kamera inafumba. Ningeweza kumdanganya. Nilimwangalia, nikaona kwamba yeye naye anajua, alikuwa ameligundua mwenyewe kwa kidole chake juu ya kile kioo. "Hata thelathini hazitoshi," akasema, akalala, akageukia ukuta. Alilala chini hapo mpaka mwezi uliopita. Tulipojenga nyumba mpya alihama na godoro. Baba alizeeka na kufa kwenye kitanda cha watu wawili akiwa peke yake. Wadogo zangu walioa, watoto wakazaliwa wakamkuta bibi yao sebuleni chini, wakadhani bibi wote wanalala hivyo.

Nasikia watu wakisema muda huponya. Wanaosema hivyo sijui waliponywa nini. Mimi niliacha studio mwaka uliofuata, nikauza vitenge, nikajenga Rau, nikalea, na sijawahi kuitazama harusi yangu mwenyewe kwenye mkanda.

Juzi Deo alipita kwangu Rau akielekea Dar es Salaam. Alitaka kunifurahisha, akaunganisha simu yake na televisheni yangu, akaniwekea mazishi ya Mama. Picha zilikuwa laini, kila jani la mgomba linaonekana. Niliona watu wa jumuiya, niliona padri, nikajiona mimi mwenyewe, mzee, nimeshika mkono wa mtu. Nikaliona jeneza kwenye kamba, vijana wanne wanashusha, linaingia, linashuka, na hapo jirani mmoja akapita mbele na kitenge chake cha njano, akakijaza kioo. Alipoondoka kijana wa kwanza alikuwa anavuta kamba juu, tupu, na watu wanarusha udongo.

Nilikuwepo pale. Nilisimama ukingoni kabisa, nikalisikia likigusa chini, na udongo wa kwanza ni mimi niliyeurusha. Naandika haya makusudi, ili ijulikane kwamba nilikuwepo.

"Imetoka vizuri, eh, shangazi?" Deo akauliza, anageuka kunitafuta kwenye kochi. Hakunikuta. Nilikuwa chini, kwenye zulia, miguu nimeinyoosha, nimesogea hadi karibu na kioo, na sikukumbuka nilifikaje.

"Rudisha, mwanangu," nikamwambia. "Polepole."